Dawa Isiyo na Karatasi ni Hatari

Wakulima wengi wanunuapo dawa ya kusafishia mikebe ya maziwa, au dawa ya kuogeshea ng'ombe, huuliza bei tu. Yale maandishi yaliyobandikwa ubavuni mwa chombo hawayasomi. Mwezi huu tutaeleza maandishi hayo yatoka wapi, na kwa nini yaweza kuokoa maisha ya mtu.

Asubuhi moja mzee mmoja wa skimu yetu aliingia afisini akihema, ameshika chupa ya soda mkononi. Akasema, "Mwanangu, wewe umesoma. Niambie hii ni dawa gani. Mjukuu wangu amekunywa, na daktari wa zahanati ataka kujua jina lake."

Nikaigeuza chupa huku na huku. Haikuwa na jina ila lile la soda. Dawa ilikuwa imemiminwa kutoka kwa jerikeni ya jirani, na jerikeni yenyewe ilikwisha tupwa. Tulikwenda kuitafuta, tukaikuta katika shimo la takataka, karatasi yake ingali imeshikamana. Ikapelekwa zahanati mbio. Mtoto akapona, lakini karibu saa nzima ilipotea kwa kutafuta karatasi ambayo ilipaswa kuwa mahali pake.

Karatasi ile ndogo ni muhtasari wa faili kubwa. Kabla dawa ya kuua wadudu waharibifu au kupe haijaruhusiwa kuuzwa katika Kenya, mwenye kuitengeneza au kuileta hupeleka faili kwa Bodi ya kusimamia dawa hizo, iitwayo kwa kifupi PCPB, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka wa 1982. Nchi nyingine nazo hudai faili za namna hiyo kwa dawa za kuua viini vya ugonjwa. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, kwa mfano, sheria yake ni ya mwaka wa 2012. Mwenye dawa hawezi kusema tu, "Dawa yangu ni nzuri." Hana budi kuonyesha vipimo.

Na tuchukue mfano wa dawa ya klorini, ambayo wafuga ng'ombe wa maziwa waijua sana. Haya ndiyo maswali ambayo faili yake yapasa kujibu.

1. Mna nini ndani yake, na kiasi gani? Kitu chenye nguvu katika dawa hiyo huitwa sodiamu hipokloriti. Kiasi chake ni lazima kiandikwe, kwa sababu dawa mbili zenye harufu moja huenda zisilingane kwa nguvu. Tuseme wataka lita 10 za maji yenye sehemu 200 za klorini katika kila sehemu milioni. Ikiwa dawa ina klorini 5 katika mia, utatia mililita 40. Ikiwa ina 10 katika mia, mililita 20 zatosha. Atumiaye kikombe kile kile kwa dawa zote hupoteza fedha zake, au huacha viini hai. Kipimo cha kufuata ni kile cha karatasi ya dawa yako.

2. Je, yaua viini kweli? Dawa hujaribiwa katika maji safi, na tena katika maji yenye uchafu. Klorini hupoteza nguvu zake upesi ikikuta mabaki ya maziwa au mavi ya ng'ombe. Ndiyo sababu karatasi husema: osha kwanza kwa maji na sabuni, suuza, kisha tia dawa. Anayemimina dawa juu ya uchafu amefanya kazi bure.

3. Yamdhuru nani, na kwa njia gani? Hupimwa madhara yake kwa ngozi, macho, pumzi, na kwa mtu aliyeimeza. Majibu ya vipimo hivyo ndiyo yaletayo maneno ya kuonya na maelezo ya msaada wa kwanza. Klorini ikiingia machoni, osha kwa maji safi yanayotiririka kwa muda usiopungua dakika 15. Mtu akiimeza, usimtapishe, maana itamchoma koo mara ya pili inapopanda. Mwoshe kinywa, umpeleke hospitali upesi, na chombo cha dawa ukichukue.

4. Haipatani na kitu gani? Swali hili ni kubwa kwetu. Wafugaji wengine hutumia dawa yenye asidi ili kuondoa ule ugaga mweupe wa maziwa ndani ya mikebe. Asidi ikichanganywa na dawa ya klorini, hutoka gesi ya klorini, ambayo huunguza mapafu. Gesi hiyo hiyo ilitumiwa kuwa silaha vitani huko Ypres, nchini Ubelgiji, mwaka wa 1915. Usizichanganye kamwe, wala usitie moja katika chombo cha nyingine.

5. Hukaa muda gani? Jua na joto huimaliza nguvu. Iweke mahali penye kivuli na baridi, imefungwa, mbali na watoto. Tazama tarehe ya mwisho kabla ya kununua.

6. Huishia wapi? Klorini huua samaki. Maji yake yasimwagwe mtoni.

Dawa za kupe nazo huulizwa maswali kama hayo, na zaidi ya hayo: baada ya kuogesha ng'ombe, ni siku ngapi zipite kabla ya kunywa maziwa yake au kumchinja? Jibu lake hupatikana kwa kupima mabaki ya dawa katika maziwa na nyama. Tena karatasi zake zina mstari wa rangi chini. Nyekundu ndiyo sumu kali kabisa, kisha manjano, kisha buluu, na kijani ndiyo yenye hatari ndogo. Lakini kijani haimaanishi kwamba yanyweka.

Mbali na karatasi ya chombo, kuna hati ndefu ya usalama. Umoja wa Mataifa ulitoa utaratibu wake mwaka wa 2003, nayo ina sehemu 16, kutoka jina la dawa na hatari zake mpaka msaada wa kwanza, moto, kuhifadhi, na kutupa. Vyama vya ushirika vinunuavyo dawa nyingi na vimwombe muuzaji hati hiyo, na kuiweka mahali ambapo karani na mwangalizi wa josho waweza kuifikia.

Sasa, mkulima, sehemu yako ni hii:

Nunua dawa katika chombo chake kilichofungwa na chenye karatasi. Ikiwa ni dawa ya kupe au ya wadudu wa shamba, tafuta namba ya kuandikishwa yenye herufi PCPB.

Usikubali kupimiwa dawa katika chupa ya soda, wala usimpimie jirani. Mpe aje atumie kwako, au mnunue pamoja.

Kama hujui kusoma, mwambie mtoto wa shule akusomee karatasi yote kabla ya kufungua, si baada ya kumwagikiwa.

Chombo kikiisha dawa, kisuuze mara tatu, maji ya kusuuzia yatie katika dawa unayochanganya, kisha kitoboe ili kisichotewe maji ya kunywa.

Wazee walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Na dawa bila karatasi yaweza kuua bila habari. Yule mzee wetu sasa ana sanduku lenye kufuli kwa ajili ya dawa zake, na kila chombo ndani yake kina karatasi yake.