Mashine ya kufulia haipashi maji: tuangalie nini kabla ya kulipa?

Siku hizi katika mitaa yetu ya Kamina kuna nyumba zilizopata mashine ya kufulia, nyingi zikiwa zile zilizokwisha kutumika Ulaya na kutufikia kwa njia ya Lubumbashi. Vikundi vingine vimenunua moja kwa fedha ya likelemba, ili kufua nguo za watu kwa malipo. Mashine kama hiyo ikigonjwa, si nguo tu zinazolala chafu: na masomo ya watoto yanangoja.

Ugonjwa tunaousikia mara nyingi ni huu. Mashine inaingiza maji, inazunguka, inayatoa, lakini maji yanabaki baridi. Au inasimama katikati na kuonyesha herufi na namba. Kila kiwanda kina alama zake, basi msikubali mtu awatafsirie kwa kichwa tu. Tafuteni kitabu cha mashine ile ile.

Chini ya pipa la mashine kuna chuma kinachopasha maji, rezistansi. Karibu yake kuna kipima joto kidogo, kama kidole cha mtoto, chenye waya mbili. Mafundi wanakiita sonda. Sonda haipashi kitu. Kazi yake ni kuiambia karte, ule ubongo wa mashine, maji yamefika joto gani. Maji yakipanda joto, uzito wa umeme kupita ndani ya sonda unapungua. Waya ukikatika, uzito huo unakuwa mkubwa sana, kama kwamba maji ni barafu. Mashine nyingi zinatambua uongo huo na kukataa kupasha. Zingine, hasa za zamani, zinaweza kupasha bila kukoma, na hapo vikwembe vinatoka rangi na bomba la maji machafu linaweza kumchoma mtoto. Mkiona mvuke kwenye programu ya joto 40, zimeni mara moja.

Lakini sonda inasingiziwa sana. Sisi walimu tunapenda hesabu, basi tuifanye. Rezistansi ya wati 2000 imetengenezwa kwa umeme wa volti 230. Umeme ukishuka mpaka volti 170, nguvu yake haipungui kidogo tu: inabaki wati 1090 hivi, zaidi kidogo ya nusu. Maji yanachelewa kupata moto, mashine inachoka kungoja, inaandika alama ya ubaya. Hakuna kilichovunjika! Kwa hiyo swali la kwanza ni hili: je, mashine inakataa jioni tu, wakati taa zinapofifia? Jaribuni usiku sana au alfajiri. Na wenye jenereta ndogo ya wati 1000 wasihangaike na sonda. Jenereta hiyo haiwezi kubeba rezistansi ya wati 2000.

Kama umeme ni mzuri na maji bado baridi, ndipo mashine ifunguliwe. Ondoeni fishi kwenye prizi kwanza. Kuzima kifungo hakutoshi. Toeni maji, mngoje chuma kipoe. Mara nyingi jicho peke yake linatosha: fishi ndogo ya sonda imelegea kwa kutikiswa njiani, au imeshika kutu ya kijani. Kuisafisha na kuisukuma vizuri hakuombi kipuri.

Kiisha inakuja multimeta. Sonda ichomolewe, ipimwe peke yake, kisha itumbukizwe ncha yake katika kikombe cha maji ya moto. Namba ikishuka polepole, sonda ni nzima. Isiposogea, au ikionyesha njia imekatika, imekufa. Namba yenyewe inatofautiana kwa kila mashine. Kushuka ndiko kunakotupa jibu. Rezistansi nayo ichomolewe waya zake ipimwe: ile ya wati 2000 inapaswa kusoma karibu omu 26.

Katika kikundi chetu fundi mmoja alitangaza kwamba karte imekufa, na bei aliyoitaja ilikaribia nusu ya bei ya mashine. Tulimwomba apime mbele yetu. Kwenye fishi ya upande wa karte, multimeta ilisema sonda imekatika. Kwenye sonda yenyewe, ikasoma vizuri. Basi ubaya ulikuwa katikati, na tulipofuata waya tukakuta panya amekula sehemu fupi, nyuma, karibu na sakafu. Kipande cha waya, kikaungwa na kufunikwa vizuri, na maji yakapata moto. Fundi hakuwa mwizi, tunadhani. Alianza tu juu badala ya kuanza chini. Ila fedha ni zetu, na kumwomba mtu apime mbele yetu si kumtukana.

Kama kweli sonda imekufa, msiagize Lubumbashi kwa maneno matupu. Tumeni ile ya zamani pamoja na namba zilizoandikwa kwenye kibandiko cha mashine, kwa sababu sonda mbili zinaweza kufanana kwa macho na kusema joto tofauti.

Kipuri kikiwa njiani, mashine iliyokataa tu kupasha inaweza kufua kwa programu ya baridi. Nepi na mashuka ya mgonjwa yalowekeni kwanza ndani ya beseni, kwa maji yaliyochemshwa juu ya mbabula, mbali na watoto.