Sura ya Tatu: Penseli Kabla ya Wino

Michoro ya kwanza ya mhuishaji wa katuni za mkono haivutii macho. Uso hauna kope, mkono mmoja umechorwa mara tano mahali pale pale, tumbo ni duara tu lililozungushwa kwa penseli. Ni rahisi kuiona kama picha nzuri ambayo haijaisha. Mimi naona vingine: katika rasimu hizo ndimo mhusika anamoigiza, na wino na rangi huja baadaye kuulinda uigizaji uliokwisha kufanyika. Kinachoamuliwa hapo ni mwendo: uzito unaegemea mguu upi, bega linatangulia kichwa au linakifuata, mhusika anasita kwa muda gani kabla ya kugeuka. Hayo hayaonekani katika karatasi moja. Mchoraji huzipachika karatasi kwenye vigingi, juu ya kioo chenye taa chini yake, kisha huzishika kati ya vidole na kuzipekua mbele na nyuma, akitazama kinachotokea baina ya mchoro na mchoro. Filamu hupita fremu 24 kwa sekunde. Mchoro mmoja mara nyingi hushika fremu mbili, kwa hiyo dakika moja ya mhusika mmoja hula michoro 720. Aliyeremba kope za mchoro wa tatu ataona uchungu kuutupa, hata kama unauharibu mwendo wote. Fundi cherehani hupiga bandi kwa sababu hiyo hiyo: uzi ule umewekwa ili ufumuliwe.

Ushahidi mzuri ni Norman Ferguson wa studio ya Disney. Hakupitia chuo cha sanaa, na michoro yake ilikuwa mikwaruzo ambayo wasaidizi walilazimika kuisafisha. Hata hivyo, mwaka 1934, katika filamu fupi ya Playful Pluto, ndiye aliyemchora mbwa aliyenaswa na karatasi ya gundi ya kunasia nzi. Pluto anavuta, anasimama, anafikiri, anajaribu njia nyingine na kunaswa upya. Watu wa fani bado huitaja sehemu hiyo kama mahali ambapo mhusika wa katuni alionekana akiwaza. Mtu atauliza: je, hilo si kuwatetea wasiojua kuchora? Hapana, na studio yenyewe haikulielewa hivyo. Tangu 1932 ilimwajiri Don Graham, mwalimu wa chuo cha Chouinard cha Los Angeles, awafundishe wachoraji wake kuchora miili ya watu halisi. Mstari wa haraka humfichua asiyejua mahali pa nyonga. Mstari safi waweza kumsitiri kwa muda.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni la fedha. Kuchora kitu kimoja mara mbili, kwanza ovyo na kisha vizuri, ni hasara ya wazi. Lakini hesabu hiyo husahau gharama ya kukosea mwishoni. Disney walizipiga picha rasimu za penseli na kuzitazama katika chumba kidogo walichokibandika jina la chumba cha jasho, na jasho lilikuwa la aliyekaguliwa. Wakati wa kutengeneza Snow White and the Seven Dwarfs, iliyotoka 1937, Ward Kimball alihuisha sehemu ndefu ya vijeba wakinywa supu kwa kelele. Ilichekesha, lakini iliichelewesha hadithi, na Walt Disney akaiondoa ikiwa bado ni penseli tupu. Kazi hiyo iliuma kuitupa, bila shaka; kama ingekwisha kutiwa wino na rangi, fremu kwa fremu, ingeuma mara nyingi zaidi, na pengine mkono wa kuikata ungesita.

Basi kama uhai umo katika rasimu, kwa nini isafishwe? Kwa miongo kadhaa jibu lilitokana na mitambo. Kila mchoro ulinakiliwa kwa wino juu ya seluloidi angavu, na mwenye kalamu ya wino alihitaji mstari mmoja wa kufuata, si mitano. Ub Iwerks, fundi wa Disney, alipoirekebisha mashine ya kunakili ili ipeleke penseli moja kwa moja kwenye seluloidi, filamu ya One Hundred and One Dalmatians ya 1961 ikatoka na mistari yenye ukwaruzi. Mhuishaji Milt Kahl alifurahi kuiona mistari yake mwenyewe kwenye skrini. Walt Disney hakuupenda mwonekano ule. Nadhani wote wawili walikuwa na haki. Mstari unaotetemeka husisimua mbwa anapokimbia, na husumbua uso unaponyamaza, kwa kuwa jicho huanza kuutazama mstari badala ya mtu. Mwongozaji Isao Takahata alilijua hilo alipotengeneza filamu ya hadithi ya binti Kaguya mwaka 2013: binti anapoikimbia karamu, mistari inachafuka na kuwa kama ya mkaa, kwingineko, palipo na utulivu, mistari ni myepesi na imetawaliwa. Uchafu ule haukuachwa kwa bahati. Ni rasimu ya kuigiza, iliyochorwa kwa uangalifu uleule wanaoutoa wengine kwa mstari safi, na isichanganywe na rasimu ya kazini, ambayo haina deni la kumpendeza mtazamaji yeyote.