Gego Lililozibwa Hudumu Miaka Mingapi?

Ndugu wanakamati na wafadhili, mmetuuliza: badala ya vifaa vya mkono vya kuzibia meno kwa ajili ya Mkuu na vijiji vyake, kwa nini tusichange fedha tukanunua mashine ya kompyuta, ambayo kazi yake husifiwa kwa kudumu? Swali ni la haki.

Mashine hiyo ilitumika kwa mgonjwa wa kwanza mwaka 1985 huko Zürich, Uswisi. Kamera ndogo hupiga picha ya jino, kompyuta huchora sehemu iliyokosekana, na mashine huichonga kutoka kipande cha kauri. Kweli hudumu. Daktari mmoja wa Uswisi aliweka vipande 200 kati ya 1989 na 1991. Kwa hesabu ya miaka 27, takriban 87 katika kila 100 vilikuwa bado vinafaa. Vilivyoharibika, vingi vilivunjika.

Miaka hiyohiyo ya katikati ya 1980, njia nyingine ilizaliwa hapahapa Tanzania, katika mpango wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mtaalamu hukwangua sehemu laini iliyooza kwa vifaa vya mkono, bila umeme na mara nyingi bila sindano ya ganzi. Kisha huchanganya unga na maji yake, yaani saruji ya glasi ayonoma, na kuikandamiza kwa kidole chenye glavu. Saruji hushikana na jino lenyewe na kutoa floraidi. Mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani liliiunga mkono njia hii.

Je, hudumu? Mwaka 2012 tafiti nyingi zilijumlishwa pamoja. Kwa meno ya kudumu yenye tundu upande mmoja tu, 80 katika 100 yalikuwa bado yamezibika vizuri baada ya miaka 5. Lakini kwa meno ya utoto yenye tundu la pande mbili au zaidi, yalibaki 62 tu baada ya miaka 2. Tundu likiwa kubwa saruji hukosa pa kujishikiza, na mate yakiingia kazini hailiki vizuri. Hapo kauri hushinda, tusifiche. Ila kauri huhitaji umeme usiokatika, vipuri kutoka nje na fundi wa kuitengeneza mashine.

Kwa hiyo jambo kubwa ni kuwahi tundu lingali dogo. Gego la kwanza la kudumu huota mtoto akiwa na miaka 6 hivi, nyuma ya meno ya utoto, bila jino lolote kung'oka. Wazazi wengi hudhani ni la utoto na kuliacha lioze hadi ling'olewe. (Madoa ya kahawia yanayoonekana sana Arusha na Kilimanjaro ni jambo jingine: huletwa na floraidi nyingi ya maji na magadi, si kutoboka.)

Kamati ikipanga siku ya huduma, iwaite kwanza watoto wa darasa la kwanza na la pili, na mtaalamu atazame gego hilo kabla ya mengine.