Fahamu: Skrini ikijaa mistari, usikimbilie kununua monita mpya

Kompyuta ya mezani ikianza kuonyesha mistari, rangi za ajabu au picha inayotetemeka, bonyeza kwanza kitufe cha menyu kwenye monita yenyewe. Menyu hiyo hutengenezwa ndani ya monita, haitoki kwenye kompyuta. Ikiwa nayo imeharibika, monita ndiyo mbovu. Ikiwa safi, tatizo huenda liko kwenye waya au kompyuta.

Anza na waya, hasa ule wa VGA, teknolojia ya tangu 1987 ambayo bado imejaa maofisini. Kichwa chake kina nafasi za pini 15, na nyekundu, kijani na buluu kila moja ina pini yake. Ya nyekundu ikipinda, ukurasa mweupe hugeuka samawati. Ikipotea buluu, unakuwa wa njano. Zima mashine, chomoa, kagua pini (moja ya safu ya kati kukosekana ni kawaida kwenye waya nyingi), kisha rudisha na ukaze skrubu zote mbili. Hazikuwekwa kwa urembo.

Waya ukiwa mzima, washa upya uangalie. Mistari ikitokea hata kabla Windows haijafunguka, shuku kadi ya picha: vumbi, joto, au imelegea. Ikianza baadaye, mara nyingi ni draiva. Kwenye Windows 10 na 11, bonyeza kwa pamoja kitufe cha Windows, Ctrl, Shift na B. Skrini itapepesa na draiva kuanza upya, bila kufunga kazi zako.