Jina Lililo Sala

Kila alfajiri kambini majina husomwa, na kila mwenye jina huitika. Sisi tuliotoka chuo cha maofisa tuliyasoma majina hayo miaka mingi kwa haraka, kama mtu ahesabuye bunduki ghalani. Tulisahau kwamba Habonimana maana yake ni "aonaye ni Mungu", na Hakizimana ni "aokoaye ni Mungu". Kumbe tulikuwa tukisoma sala.

Ada hii si ya Warundi peke yao. Wahindu waliohamia Afrika Mashariki walikuja na majina ya miungu yao ya kike, yenye maana katika lugha ya kale ya Kisanskriti. Durga ni "asiyefikika kwa urahisi"; Saraswati ni "mwenye maji mengi"; Amba ni "mama". Alitajaye jina amekwisha kuomba ulinzi, neema au huruma ya mzazi.

Kwetu Burundi hata ngoma hupewa majina ya namna hiyo. Katika kilima cha Gishora, karibu na Gitega, panapokumbukwa Mfalme Mwezi Gisabo, zimo ngoma mbili takatifu: Ruciteme, yule ambaye watu humfyekea msitu, na Murimirwa, yule ambaye watu humlimia. Nayo Karyenda, ngoma kuu ya ufalme, iliwekewa wakfu mwanamke aitwaye Mukakaryenda, yaani "mke wa Karyenda". Yaweke majina haya pamoja, utaona shamba na uzazi: maombi ya taifa la wakulima.

Karyenda iliondoka katika bendera ya nchi mwaka 1966. Mwaka 2014 UNESCO iliitambua ngoma ya kifalme ya Burundi kuwa urithi wa utamaduni wa wanadamu. Lakini mgeni wa Gishora asiyefasiriwa majina huondoka na mshindo tu masikioni.

Huko Muyinga, karibu na mpaka wa Tanzania, Mwislamu aweza kuitwa Abdallah, "mja wa Mungu" kwa Kiarabu, na jirani yake Havyarimana, "azaaye ni Mungu" kwa Kirundi. Lugha mbili, unyenyekevu mmoja. Ni vigumu kumdharau mtu ambaye jina lake umelielewa.

Basi, wazazi wa Gitega na Muyinga, mwambieni mtoto maana ya jina lake kabla hajaandikishwa shuleni. Nasi, tusimamapo mbele ya safu, tutayasoma majina polepole.