Goti la askari mpya, na goti la baba yake



Tarehe 3 Novemba 2022 Rais Félix Tshisekedi aliita vijana waingie jeshini kwa sababu ya vita vya Mashariki. Kati ya waliojiandikisha kuna watoto wa mitaa yetu, Manika na Dilala, Kapata na Luilu. Ndiyo maana siku hizi, katika dispansere, mzazi anakuja akiwa na telefone mkononi, na mgonjwa mwenyewe yuko mbali.

Mama mmoja alikuja hivyo. Mtoto wake alikuwa katika mafunzo ya uaskari. Goti lilikuwa limevimba, naye alimwomba mama amtumie vidonge vya maumivu. Mimi sikumuuliza jina la vidonge. Nilimuuliza: lilivimba kisha saa ngapi? Mama hakujua. Akapiga telefone palepale. Jibu likaja: asubuhi aliruka ukuta, mguu ukatua vibaya, akasikia kitu kimelia ndani kama kijiti kinachovunjika. Saa sita suruali haikupita tena juu ya goti.

Kwa nini nilitaka saa? Kwa sababu goti linasema lenyewe lililo nalo, lakini linasema siku ya kwanza. Goti linalovimba upesi, katika saa moja au mbili, kwa kawaida limejaa damu. Mara nyingi kamba iliyo katikati ya goti, inayozuia mfupa wa chini usiteleze mbele, imekatika. Au mfupa umepasuka. Goti linalovimba polepole, mpaka kesho yake, mara nyingi limeumia menisko, yaani vile vipande viwili laini kama mpira vilivyo kati ya mifupa. Menisko iliyopasuka inaweza kukwama, na mtu asiweze kunyoosha mguu. Na goti lisilovimba, lakini linauma mbele, kuzunguka kifuniko chake, zaidi wakati wa kushuka ngazi au kuchuchumaa, hilo mara nyingi limechoshwa tu.

Goti la namna hii ya mwisho ndilo linaloonekana sana kwa askari wapya wa nchi zote. Kijana aliyekuwa akitembea kwenda sokoni, leo anakimbia kila asubuhi, anabeba mzigo mgongoni, anatembea akichuchumaa kama bata. Msuli wa paja haujapata wakati wa kukomaa. Likipunguziwa kazi mapema, goti hilo linapona. Lakini kama maumivu yako juu ya mfupa wenyewe, chini kidogo ya goti, na yanazidi kila akikimbia, lazima aonekane na mganga: mfupa unaweza kuwa unaanza kupasuka kwa kuchoka.

Sasa, siku mbili za kwanza. Acha kukimbia na kubeba. Weka kitambaa cha maji baridi, au barafu iliyofungwa katika kitambaa, dakika 15 mpaka 20, kisha pumzika na rudia kila saa mbili au tatu. Funga bendi isiyobana sana. Vidole vikipoa au vikifa ganzi, ilegeze. Lala mguu ukiwa juu ya mto. Na tafadhali, mama zetu, siku hizo msikande goti kwa maji ya moto na kulivuta kwa nguvu. Najua mnafanya kwa upendo. Lakini moto na kukanda vinaongeza damu ndani. Kuchanja ngozi juu ya goti lililovimba, au kuchomwa sindano ndani yake na mtu wa sokoni, ni kufungulia vidudu mlango. Goti lenye moto na homa ni la kupelekwa lopitali siku ileile, bila kungoja asubuhi.

Nani apigwe radio ya mifupa? Waganga wa Ottawa, katika nchi ya Kanada, walitengeneza kanuni nyepesi miaka ya 1990, nasi tunaitumia: asiyeweza kutembea hatua nne, asiyeweza kukunja goti mpaka pembe ya mraba, anayeumia akibonyezwa juu ya kifuniko au juu ya kichwa cha mfupa mwembamba upande wa nje, na mwenye miaka 55 au zaidi. Mmoja tu katika hayo unatosha.

Kijana wetu hakuonyesha goti lake. Aliogopa kurudishwa nyumbani, na jamaa nzima ilikuwa imemsindikiza kwa nyimbo. Alipata vidonge kwa marafiki, ibuprofene na diklofenake pamoja, akavimeza wiki tatu akiwa na jasho na maji kidogo. Vidonge hivyo vinanyamazisha goti, havilifungi. Na vikizidi vinaumiza tumbo na figo. Siku ya matembezi marefu mguu ulimwacha akiwa na mzigo, akaanguka, na menisko nayo ikapasuka. Alirudi kwa mama na fimbo. Nilipima mapaja yake kwa kamba ya fundi wa nguo, upana wa mkono mmoja juu ya goti: paja la upande mbovu lilikuwa limepungua sentimeta 4.

Siwezi kuwaahidi wazazi kwamba kijana akisema, hatarudishwa. Hilo linaamuliwa na wakubwa wake. Lakini mwambieni aende asubuhi kwa infirmie wa kambi, aseme siku, saa, namna alivyoanguka, na saa ya uvimbe. Askari aliyepumzika siku kumi anarudi katika mstari. Huyu wetu alificha siku ishirini na moja, na mwaka mzima ukapita.

Upasuaji wa ile kamba ya katikati unataka mganga wa mifupa mwenye vyombo vyake, na si kila goti linauhitaji. Lakini kila goti linahitaji paja. Jambo hilo lilionyeshwa vizuri na mganga wa jeshi la Marekani, Thomas DeLorme, huko Chicago mwaka 1945. Lopitali yake ilijaa askari wenye magoti na mapaja mabovu, wamelala miezi. Yeye mwenyewe aliwahi kuugua ujanani na kujijenga kwa kuinua vyuma. Akawavalisha viatu vya chuma, wainue mguu mara kumi, wapumzike, warudie, na uzito uongezwe kidogo kidogo. Wakapata nguvu upesi kuliko ilivyozoeleka.

Sisi tulianza bila chuma. Mguu umenyooka kitandani, nguo iliyokunjwa chini ya goti, bonyeza chini, hesabu mpaka tano, legeza: mara kumi, asubuhi, mchana na jioni. Kisha kuinua mguu ulionyooka. Uvimbe ulipokwisha, kuteleza na mgongo ukutani na kukunja goti kidogo. Kisha kupanda juu ya kiti kifupi, na mwisho mfuko mdogo wa mchanga. Uvimbe ukirudi kesho yake, unarudi hatua moja nyuma. Mbio zinakuja baada ya kutembea, na mzigo baada ya mbio, si vyote wiki moja.

Baba wa kijana huyu anaendesha mashine kubwa. Alisikiliza yote, halafu akaniambia kwamba yeye huruka chini kutoka ngazi ya mwisho kila zamu, miaka kumi na tisa. Nikampima na yeye. Kifuniko cha goti la kuume kilikuwa kikisaga kama mawe. Sasa anashuka uso ukitazama mashine, mikono miwili na mguu mmoja vikishika daima.

Jioni wanafanya mazoezi pamoja ukutani, mama akihesabu. Kijana anapanda ngazi za lopitali bila kushika kitu. Kushuka, bado anashika ukuta. Jumatatu tulipima tena: tofauti imebaki sentimeta moja na nusu.