Deni kakopa mtoto wa ndugu, simu anapigiwa khalati Maskati

Khalati yangu anakaa Al Khoudh. Siku moja baada ya magharibi alikuwa anatia chai kwenye chupa, simu ikalia, nambari ya 255. Akajua ni dada yake wa Dar es Salaam, akapokea kwa furaha. Kumbe ni mwanamme asiyemjua, wala salamu hakutoa.

"Wewe ndiye Khalati Maskati?"

Akasema ndiye. Yule bwana akamwambia kijana wake ana deni la shilingi laki moja na nusu, siku zimepita, na yeye khalati ameandikwa kuwa mdhamini. Ikifika saa nne za usiku hajalipa, picha ya kijana itatumwa kwa watu wote wanaomjua, imeandikwa "mwizi".

Khalati hakumuuliza kitu. Alichokisikia ni aibu tu: jina la mtoto wa dada yake, picha yake mikononi mwa watu, na kheri dada mwenyewe hajajua. Binti yake akatuma pesa kwa simu usiku ule ule, kama rial 20 hivi pamoja na gharama. Nambari waliyopewa ilitoa jina la mtu binafsi, si la kampuni. Hilo nalo hawakulitazama.

Siku ya tatu simu ikalia tena. Mtu mwengine, programu nyengine, deni jengine, na mara hii maneno makali zaidi.

Hebu turudi kwenye lile neno la kwanza, "Khalati Maskati". Hilo si jina lake. Hivyo ndivyo alivyoandikwa kwenye simu ya kijana. Mpigaji hakuwa na mkataba wala saini ya mtu, alikuwa na orodha ya majina iliyochotwa ndani ya simu. Nyingi ya programu hizi za mikopo ya haraka, ukizipakua, zinakuuliza kama unaruhusu zisome majina na nambari zako. Mtu mwenye shida ya kodi ya nyumba hasomi, anabonyeza "ruhusu" na kuendelea. Tangu dakika hiyo mama yake, mwalimu wake, fundi wake wa gari na khalati yake aliyeko ng'ambo wote wamo mikononi mwa mkopeshaji. Na jina lenye "Maskati", "Dubai" au "London" ndilo wanaloanza nalo, maana wanajua huku ndiko pesa zinakotoka.

Kule nyumbani watu wameshaipa jina mikopo ya aina hii: kausha damu. Unaomba laki moja, inayoingia mkononi ni pungufu kwa sababu ada imeshakatwa, halafu ndani ya siku saba au kumi na nne unadaiwa laki na ziada. Ukishindwa, unakopa programu ya pili ulipe ya kwanza. Kijana wetu alikuwa nazo nne. (Kuhusu riba, masheikh wanalijua kuliko mwandishi wa khabari, nawaachia wao.)

Serikali hazikunyamaza. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu na majukwaa 69 ya mikopo ya mtandaoni yanayofanya kazi bila ya leseni, ikawaonya watu wasiyatumie. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na ipo Tume inayopokea malalamiko ya mtu ambaye taarifa zake zimetumiwa bila ridhaa yake. Khalati hakumpa mtu yeyote ruhusa ya nambari yake, kwa hiyo malalamiko ni haki yake yeye, hata kama deni si lake. Kenya wao wameandika waziwazi zaidi: kanuni za mwaka 2022 za wakopeshaji wa kidijitali zinakataza kuchukua orodha ya majina ya mkopaji na kuwapelekea watu hao ujumbe kwa sababu amechelewa kulipa, na zinakataza vitisho na matusi. Mwaka 2023 ofisi ya kulinda taarifa binafsi ya Kenya ilizitoza faini ya mamilioni ya shilingi kampuni za mikopo zilizofanya hayo. Google nao tangu Mei 2023 wanazikataza programu za mikopo kwenye duka lao kugusa majina na picha za mtumiaji. Lakini nyengine watu wanazipata nje ya duka hilo, kwa kiungo kilichotumwa WhatsApp, na huko hakuna mlinzi.

Sasa simu ikikufikia wewe, ufanye nini?

La kwanza, usikubali neno "mdhamini" kwa sababu limetamkwa kwa sauti kubwa. Mdhamini ni mtu aliyekubali mwenyewe. Kuandikwa jina lako na mwengine si kukubali. Na uchunge ulimi: usiseme "basi nitalipa mie" ili akuachie tu, wala usimpe nambari ya kitambulisho, mtaa unaokaa, au jina la kazini kwa mumeo. Sema maneno machache, yale yale kila mara: deni si langu, nitumie kwa maandishi jina la kampuni, nambari ya leseni na mkataba wenye saini yangu, na usinipigie tena. Kisha kata simu. Ukibishana naye dakika kumi amekushinda, yeye analipwa kwa kubishana.

Kabla ya kumfungia nambari, piga picha ya kila ujumbe, hifadhi sauti alizotuma, andika tarehe na saa. Wengi wetu tunafuta kwa hasira au kwa haya, tunakwenda kushitaki mikono mitupu. Wakikuingiza kwenye kundi la WhatsApp lenye picha ya kijana, usitoke kwanza: piga picha kundi lenyewe na nambari ya aliyelifungua, ndipo utoke.

Halafu mpigie kijana mwenyewe. Si mama yake, yeye. Hili ndilo gumu, najua, kwa sababu mdomo unawasha kuanza na "umetuaibisha". Sisi tulilianza hivyo na kijana akazima simu siku mbili. Alipoiwasha tulimuuliza maswali tu: umekopa wapi, ngapi, lini, umelipa ngapi, risiti ziko wapi. Ikaonekana moja kati ya zile nne alikuwa ameshaimaliza, na bado ilikuwa inapiga simu Maskati.

Ukitaka kusaidia, na wengi tunataka, pesa zipite kwa kijana au moja kwa moja kwenye njia rasmi ya kampuni yenye leseni, kwa jina la kampuni, na risiti ibaki. Leseni inatazamwa kwenye orodha ya Benki Kuu. Kumlipa mpigaji kwenye nambari yake binafsi huenda kusipunguze deni hata shilingi, na kunamfundisha kwamba khalati analipa. Deni la kijana linabaki la kijana, hatumwambii ale mali ya watu. Tunachokataa ni kudaiwa sisi kwa matusi.

Ila kuna pahala simu hiyo inakuwa ni yako kweli. Kama ulitia saini ya udhamini, iwe Dar, iwe benki ya hapa Omani kwa gari la ndugu wa mume, basi umo, na benki haina dhambi kukutafuta. Wengine wametoa cheki ya dhamana kwa kuoneana haya tu, na hapa cheki ikirudi ni kesi ya jinai. Jambo la pili ni laini za simu. Tunakwenda likizo Unguja, tunasajili laini, tukirudi tunamwachia mtoto wa nyumbani aitumie. Akikopa pesa za mtandao kwenye laini ile, aliyekopa kwenye vitabu ni wewe. Mwenye kitambulisho cha NIDA akiwa kule apige *106# aone laini zilizosajiliwa kwa jina lake, na asiyoijua akaifunge.

Na maiti? Hapa nimesikia familia zikitishwa vibaya sana, mtoto anapigiwa simu matanga hayajaisha. Sisi tunajua mirathi haigawiwi mpaka deni na wasia vitoke. Lakini deni linatoka kwenye mali aliyoacha marehemu. Mdai alete ushahidi wake kwa msimamizi wa mirathi, si kwa mtoto aliyeko Sohar usiku wa manane. Mtoto akitaka kumlipia mzazi wake kutoka mfukoni mwake, hiyo ni ihsani, na Mungu atamlipa. Hawezi kulazimishwa kwa simu.

Anayekutisha akiwa humu humu Omani, nenda Polisi ya Kifalme na picha zako za ujumbe. Sheria ya makosa ya mtandao ya mwaka 2011 inagusa vitisho kwa njia ya simu na intaneti. Akiwa Tanzania, kijana ndiye aende kituo cha polisi kule na kwenye Tume, nawe umtumie ushahidi wako.

Khalati aliandika jibu lake kwenye karatasi akalibandika kwenye friji, juu ya nambari ya mtu wa gesi. Mpigaji wa tano alipokuja alimsomea neno kwa neno kwa sauti ya skuli. Yule bwana akamuuliza, "Bibi, unanisomea?" Akamwambia ndio, na akaanza tena kutoka juu. Simu ikakatwa. Deni lililobaki kijana analilipa mwenyewe kila mwisho wa mwezi, na picha ya risiti inakuja kwa khalati peke yake, si kwenye kundi la familia.